Saa Nane Bila Soketi: Mwongozo wa Kuishi na Kompyuta Mpakato Nyepesi Kyela

Kompyuta mpakato nyepesi ya daraja la juu husifiwa kwa mengi: wembamba wake, kioo chake, gamba lake la alumini. Kwa anayeishi Ndandalo, au popote katika bonde la Kyela, kuna jambo moja linaloyazidi yote hayo, nalo ni saa ambazo mashine itakufanyia kazi ukiwa mbali na soketi. Hiyo ndiyo mali unayoinunua. Mwalimu anajaza PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, baada ya vipindi. Karani wa chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) anaingiza uzito wa kakao iliyopimwa asubuhi. Kijana wa steshenari anawasaidia wenzake kuomba mkopo wa HESLB au kazi kwenye Ajira Portal. Mfanyabiashara mdogo anafuatilia zabuni kwenye mfumo wa NeST. Wote hao umeme unaweza kuwakatikia fomu ikiwa nusu, na siku ya mwisho ya maombi haisogezwi kwa sababu Kyela kulikuwa giza.

Saa hizo ndizo pia zinazopotea mapema. Kasi ya prosesa haichakai kwa miaka, lakini betri huchakaa kila siku, na huchakaa upesi zaidi mahali penye joto, unyevu na umeme unaoyumba. Kyela ina vyote vitatu. Mwongozo huu unahusu namna ya kuzinunua saa hizo bila kupunjwa, na namna ya kuzitunza zisiyeyuke ndani ya mwaka mmoja.

Kabla hujatoa fedha

Wengi wetu hununua vitu vikubwa kwa fedha za msimu: mpunga ukishavunwa, au kakao ikishauzwa mnadani chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani. Mwaka 2024, bei ya kakao katika soko la dunia ilipopita dola 10,000 kwa tani, mkulima mwenye mikakao alianza kufikiria vitu ambavyo awali hakuvifikiria, na kompyuta ya mtoto aliyeko chuoni ni kimojawapo. Fedha ya msimu huja kwa mkupuo, kisha husubiriwa tena kwa miezi mingi. Usiimalize yote kwenye mashine. Tenga angalau sehemu ya kumi ya bajeti yako kwa vitu vinavyoilinda: begi lisilopitisha maji, kifaa cha kulinda umeme, diski ya nje ya kuhifadhia nakala, na adapta ya kuunganishia projekta na flashi.

Uzito uupe nafasi yake. MacBook Air ya mwaka 2020 yenye chipu ya M1 ina kilo 1.29. Dell XPS 13 ina karibu kilo 1.2, na Lenovo ThinkPad X1 Carbon ina kilo 1.1 hivi. Kompyuta ya kawaida ya inchi 15 hukaribia kilo 2, ukiacha chaja yake nzito. Tofauti hiyo utaisikia mgongoni ukipanda bodaboda kutoka Ndandalo kwenda Ipinda kisha Matema, au ukitembea na begi kati ya shule na ofisi ya kata.

Mashine hizi nyembamba zina sharti moja ambalo muuzaji hatakutajia: kwa nyingi kati yake, kumbukumbu ya RAM imechomelewa moja kwa moja kwenye bodi, hivyo huwezi kuiongeza baadaye. Kwenye MacBook Air hata hifadhi ya ndani haibadilishiki. Unachonunua siku ya kwanza ndicho utakachobaki nacho. Kwa kazi za kila siku, yaani nyaraka, majedwali, barua pepe, mifumo ya serikali na kivinjari chenye kurasa kadhaa, lenga RAM ya GB 16. Apple yenyewe ilifanya GB 16 kuwa kiwango cha chini cha MacBook Air mwezi Oktoba 2024. GB 8 bado inafanya kazi, ila itakulazimisha ufunge kurasa mara kwa mara. Hifadhi ya GB 256 inatosha kwa mtu wa nyaraka, na anayeshughulika na picha na video atafute GB 512.

Kompyuta nyingi za daraja hili zinazouzwa Kariakoo au Mbeya mjini zimetumika kwanza katika ofisi za Ulaya, Marekani au Dubai. Hakuna ubaya wowote. ThinkPad iliyokaa miaka mitatu kwenye meza ya ofisi inaweza kuwa imara kuliko kompyuta mpya ya bei rahisi. Lakini mashine iliyotumika inunuliwe kwa kupimwa. Kabla hujalipa, fanya haya mbele ya muuzaji:

1. Pima betri. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri na uandike `powercfg /batteryreport`. Ripoti itakuonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa ikijaa. Kama wa sasa uko chini ya robo tatu ya ule wa mwanzo, dai bei ipunguzwe kwa gharama ya betri mpya. Kwenye Mac, fungua taarifa za mfumo usome idadi ya mizunguko ya kuchaji. MacBook za miaka hii zimeundwa kwa mizunguko 1,000.
2. Hakikisha haijafungwa na mwenye mali wa kwanza. Mwambie muuzaji aifute yote, aianzishe upya, kisha aiunganishe na intaneti. Kompyuta ambayo bado iko chini ya udhibiti wa kampuni, au Mac iliyofungwa kwa akaunti ya mtu mwingine, itajitambulisha hapo hapo. Usikubali kuambiwa kuwa fundi ataifungua baadaye.
3. Uliza kizazi cha prosesa. Microsoft ilisitisha masasisho ya bure ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inahitaji prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi. Kwa X1 Carbon hiyo ina maana ya toleo la sita, la mwaka 2018, na yanayofuata.
4. Funga na kufungua kifuniko mara kadhaa, jaribu kila tundu la chaja, bonyeza kila herufi, na uangalie kama padi ya kugusa imeinuka. Padi iliyoinuka mara nyingi inasukumwa na betri iliyovimba chini yake. Mashine hiyo iache.
5. Dai risiti ya EFD yenye jina la duka na namba ya kompyuta. Mashine ikizua mgogoro, au ikiibwa, hiyo ndiyo hati yako.

Umeme: uupe mipaka

Radi za Kyela zinajulikana. Mawingu yanayozuiliwa na milima ya Rungwe na Livingstone humwaga mvua nzito bondeni, hasa kati ya Machi na Mei, na ngurumo huja nayo. Radi haihitaji kuipiga nyumba yako ili ikuunguzie kompyuta. Ikipiga laini ya umeme mbali kidogo, msukumo husafiri kwenye waya hadi kwenye soketi. Kifaa cha kulinda umeme husaidia pale umeme unapopanda na kushuka, ila mbele ya radi ya karibu hakuna cha kutegemea zaidi ya kuchomoa. Ukisikia ngurumo, chomoa chaja ukutani. Hapo ndipo betri nzuri inapolipa gharama yake: unaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hatari nyingine iko pale umeme unaporudi baada ya kukatika. Dakika za kwanza volti huweza kuruka juu au kuwa chini sana. Chomoa chaja umeme unapokatika, subiri dakika tano baada ya kurudi, ndipo uchomeke tena. Ukitaka kifaa kikufanyie hivyo chenyewe, nunua kile kinachochelewesha kuruhusu umeme. Mafundi na maduka ya friji wanakifahamu vizuri. Steshenari yenye kompyuta zaidi ya moja haipaswi kukikosa.

Chaja iwe ya asili, au ya kampuni inayojulikana. Kompyuta hizi nyingi huchajiwa kwa USB-C, na masoko yetu yamejaa chaja zilizoandikwa wati 65 ambazo hazifiki hata nusu yake. Dalili ni mbili: mashine inasema inachaji polepole, na chaja inakuwa ya moto usioshikika. MacBook Air inatosheka na wati 30, nyingine nyingi huhitaji kati ya 45 na 65. Chaja moja nzuri ya wati 65 itachaji kompyuta na simu yako pia, ikupunguzie mzigo safarini.

Ukigusa gamba la alumini wakati inachaji na ukasikia mtetemo mwepesi kwenye vidole, soketi yako huenda haina ethi, au unatumia plagi ya pini mbili. Kwa kawaida umeme huo ni mdogo, lakini ni taarifa kwamba nyaya za nyumba zinahitaji kuangaliwa. Tumia waya wa pini tatu na umwite fundi umeme apime ethi. Utakuwa umewalinda na watu wa nyumbani, zaidi ya kompyuta.

Kwa gharama, usiwe na hofu. Betri ya mashine hizi hubeba karibu wati-saa 50, na pamoja na upotevu wa kuchaji, uniti 1 ya LUKU huijaza zaidi ya mara 12. Kama nyumba yako inatumia sola, paneli ya wati 100 kwenye jua zuri inaweza kuijaza kwa saa moja na nusu hivi. Epuka mzunguko mrefu wa kutoka betri ya sola kwenda inveta kisha kwenye chaja ya ukutani, maana kila hatua inakula umeme, na inveta za bei rahisi huzipasha moto chaja. Nunua chaja ya gari ya USB-C yenye wati 60 au zaidi na uichomeke moja kwa moja kwenye mfumo wako wa volti 12. Huo ni ununuzi mdogo unaobadilisha maisha ya mtu aliye mbali na nguzo ya umeme.

Joto ndilo adui wa betri

Apple inaelekeza MacBook itumike mahali penye nyuzijoto 10 hadi 35. Chumba chenye paa la bati bila dari, saa nane mchana mwezi Oktoba au Novemba, kinaweza kupita hapo. Betri ya lithiamu huzeeka kwa kasi hali mbili zinapokutana: joto kali na chaji iliyojaa. Ndiyo maana kompyuta inayoshinda imechomekwa juu ya meza ya steshenari, mwaka hadi mwaka, inakuja kubaki na betri ya dakika arobaini, ingawa mwenyewe anaamini ameitunza kwa kutoitumia.

Tiba yake ni rahisi na haina gharama. Weka kikomo cha kuchaji kuwa asilimia 80. Lenovo, Dell na HP wana programu zao au mpangilio kwenye mfumo wa kuwashia mashine unaoruhusu hivyo, na Mac ina mpangilio wa kuchaji kwa busara. Siku za kawaida ishie 80. Siku ya safari, au siku iliyotangaziwa katizo la umeme, ruhusu ijae kabisa usiku uliotangulia. Usiiache ishuke hadi ikazimika mara kwa mara. Ikifika 20 ichomeke.

Mahali pa kufanyia kazi pachague kwa kufuata saa. Asubuhi, ndani ni pazuri. Mchana, hamia barazani au chini ya mwembe penye upepo, ila usiiweke kwenye jua hata kwa dakika chache, kwani gamba jeusi au la kijivu hupata moto upesi na kioo hulazimika kuongeza mwanga, jambo linalokula betri zaidi. Meza ya mbao au ubao mgumu ndio msingi bora. Kitanda, mto na mapaja yaliyofunikwa kwa kitenge huziba njia za hewa kwenye mashine zenye feni, na kwenye zisizo na feni, kama MacBook Air za chipu za M, huzuia gamba kutoa joto, mashine ikaanza kupunguza kasi.

Usiiache kompyuta ndani ya gari lililofungwa madirisha, wala kwenye begi ikiwa bado imewaka. Izime, au hakikisha imelala kweli kweli, kabla ya kuifungia.

Maji, unyevu na wadudu

Unyevu wa Kyela hufanya kazi yake kimya kimya. Njia moja inayosahaulika ni ya safari. Tukuyu iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Kyela iko karibu mita 500. Kompyuta iliyolala kwenye baridi ya Uyole au Tukuyu mwezi Julai, ikateremshwa haraka hadi bondeni na kufunguliwa mara moja, hupata umande juu ya chuma na ndani yake. Hivyo hivyo kwa mashine inayotoka kwenye gari au ofisi yenye kiyoyozi kikali. Ukifika, iache ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa ipate joto la mahali, ndipo uiwashe.

Kwa mvua, begi lako liwe na koti lake la mvua, au tumia mfuko wa turubai unaokunjwa mdomoni, wa aina wanayotumia wasafiri wa majini. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo usipange safari kwa kutegemea kuokota mfuko dukani mvua ikianza. Juu ya bodaboda, liweke begi kati yako na dereva, mikanda yote miwili ikiwa mabegani. Ukisafiri kwa meli au boti kutoka bandari ya Itungi au Kiwira, liweke juu, mbali na sakafu yenye maji.

Wenye nyumba kandokando ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe wanajua mito hii inavyopanda masika. Usiku wa mvua kubwa, kompyuta na diski ya nakala zisikae sakafuni wala kwenye droo ya chini. Ziweke juu ya kabati, ndani ya mfuko wa turubai, ili ukilazimika kuondoka usiku ubebe kitu kimoja tu.

Maji yakiimwagikia, fuata mpangilio huu: chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuwashia hadi izime, igeuze kifudifudi ikiwa imefunguliwa mithili ya hema ili maji yatoke, ifute, kisha iache mbele ya feni au penye upepo. Usiiwashe kuona kama imepona. Mpelekee fundi aifungue, aitoe betri na kuisafisha bodi, hasa kama kilichomwagika ni soda au chai ya maziwa, kwa sababu mabaki yake huganda kwenye bodi na kuchochea kutu.

Na usiitumbukize kwenye mchele. Katika wilaya iliyojaa mchele mzuri kama hii, ushauri huo hutolewa haraka na watu wenye nia njema. Mchele haunyonyi maji yaliyo chini ya bodi, na chembe zake na vumbi la wanga huingia kwenye matundu na kuganda. Mwaka 2024 Apple iliwaonya wenye iPhone wasifanye hivyo, na kompyuta ina matundu mengi kuliko simu. Feni na subira vinafaa zaidi.

Usiku, mwanga wa kioo huita wadudu. Karibu na Ziwa Nyasa kuna nyakati mawingu ya wadudu wadogo huinuka kutoka majini na kufuata kila taa. Punguza mwanga wa kioo, weka taa nyingine mbali nawe iwavute, na funika mashine unapoinuka. Usile karibu na kibodi. Sisimizi hufuata makombo na kupenda joto la ndani. Kama unaishi jirani na mashine ya kukoboa mpunga, futa matundu ya feni kila wiki kwa brashi laini, na mwaka ukipita fundi aifungue aisafishe. Kioo kifutwe kwa kitambaa laini cha pamba chenye unyevu kidogo wa maji safi. Sabuni ya kufulia na jeli ya kutakasa mikono vikae mbali.

Bando lisiliwe na mashine

Kompyuta haijui kwamba intaneti yako ni bando la simu. Ukiiunganisha na hotspoti, huiona kama mtandao usio na mwisho, ikaanza kupakua masasisho, kusawazisha picha na kucheza video kwa ubora wa juu. Kazi yako ya kwanza ni kuiambia ukweli. Kwenye Windows, fungua mipangilio ya mtandao huo wa Wi-Fi na uwashe chaguo la muunganisho unaopimwa. Kwenye Mac, washa hali ya data kidogo kwa mtandao huo. Masasisho makubwa yapakue ukiwa Mbeya au mahali penye Wi-Fi ya ofisi uliyoruhusiwa, lakini usiyaache kwa miezi, kwani mengi yanaziba mianya ya wizi.

Video ndiyo mlaji mkuu. Saa moja ya video kwa ubora wa 480 hutumia takriban nusu GB. Kwa ubora wa 1080 hupita GB 1.5. Kwa somo au habari, 480 inatosha. Kwa mkutano wa mtandaoni, zima kamera yako usipozungumza.

Kuna jambo la mpakani ambalo mgeni wa Kyela halijui. Ukikaribia Kasumulu, simu yako inaweza kushika minara ya Malawi, na data ikaanza kukatwa kwa bei ya nje ya nchi huku kompyuta ikiendelea kupakua kupitia hotspoti. Zima data ya kuzurura nje ya nchi kwenye simu, na ukiwa mpakani chagua mtandao wako kwa mkono badala ya kuiachia simu ichague.

Kwenye kivinjari, kila kichupo kilichofunguliwa kinakula kumbukumbu na betri hata usipokitazama. Chrome na Edge zina mpangilio wa kulaza vichupo visivyotumika, uwashe. Ukurasa unaotaka kuusoma baadaye uuhifadhi kama PDF au alamisho, kisha uufunge. Kizuia matangazo kinachoaminika hupunguza data na hukuepusha na vitufe vya uongo vya kupakua.

Jenga pia maktaba isiyohitaji mtandao. Programu ya Kiwix hukuwezesha kupakua Wikipedia ya Kiswahili mara moja na kuisoma bila bando. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba ya mtandaoni yenye vitabu vya kiada; mwalimu anaweza kuvipitia mapema. Kwa fomu za serikali, andika maelezo marefu kwanza kwenye programu ya maandishi, yahifadhi, kisha uyanakili kwenye mfumo. Mtandao ukikatika hutaanza upya, na mara nyingi saa za usiku au alfajiri mifumo huwa myepesi kuliko mchana wa siku ya mwisho.

Taarifa zako na za watu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye kompyuta, daftari hilo ni nakala. Weka nakala mbili za kila kitu muhimu: moja kwenye diski ya nje inayokaa mahali tofauti na kompyuta, nyingine mtandaoni kwa faili ndogo kama vyeti, barua na majedwali. Mashine nyembamba yenye hifadhi iliyochomelewa ikiungua bodi, mara nyingi na faili huondoka nayo. Chagua siku moja ya wiki, kwa mfano Jumapili jioni, uifanye kuwa siku ya nakala.

Flashi zinazozunguka kati ya steshenari, shule na ofisi hubeba virusi vinavyoficha faili na kuweka njia za mkato za uongo. Zima ufunguaji wa moja kwa moja, ichunguze kila flashi kwa kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows, na pale inapowezekana mwombe mteja akutumie faili kwa barua pepe.

Anayewafanyia watu kazi ana mzigo mwingine wa heshima. Namba za NIDA, vyeti vya kuzaliwa na nywila za wanafunzi zinazobaki kwenye kompyuta yako ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamgusa mwenye chumba kimoja cha steshenari kama inavyoigusa benki. Mteja akimaliza, toka kwenye akaunti yake, futa nyaraka zake asipohitaji zibaki, na usihifadhi nywila zake kwenye kivinjari. Weka nywila ya kuingilia na uwashe usimbaji wa diski, ili mwizi akiichukua mashine asipate na maisha ya majirani zako.

Ratiba ya mwaka

Kila siku, kikomo cha chaji kiwe asilimia 80, na chaja ichomolewe ngurumo zikianza. Kila wiki, nakala na usafi wa kioo, kibodi na matundu. Kila mwezi, anzisha mashine upya na usakinishe masasisho ya usalama. Kila miezi mitatu, soma ripoti ya betri na uandike uwezo wake kwenye daftari, ili uone inavyoshuka, usishtukizwe. Mwezi Februari, kabla ya masika, kagua begi, ethi, kifaa cha kulinda umeme na mahali pa kuiweka mafuriko yakija. Mwezi Septemba, kabla ya joto, safisha feni.

Betri ikishuka chini ya asilimia 70 ya uwezo wake wa mwanzo, badilisha, na umwombe fundi akuonyeshe lebo ya betri mpya kabla hajaifunga. Ikivimba, acha kuitumia siku hiyo hiyo, usiichaji, usiitoboe wala kuikandamiza. Mpelekee fundi aitoe, na usiitupe jalalani wala kwenye moto. Fundi mzuri mtafute mapema, mashine ikiwa nzima. Muulize kama amewahi kufungua aina yako na kama ana bisibisi zake maalumu. Asiye nazo, mwenye kutumia kisu, asiiguse.

Ukifuata haya, kompyuta nzuri itakufanyia kazi miaka mitano au sita. Gawanya bei yake kwa miaka hiyo, kisha linganisha na mashine ya bei rahisi inayobadilishwa kila baada ya miaka miwili, na utaona kuwa uangalifu ndio uliofanya bei ya juu iwe nafuu. Kwa hiyo anza leo na hatua moja isiyo na gharama: fungua mipangilio ya betri, weka kikomo cha asilimia 80, na usikiondoe isipokuwa siku ya safari.